Namna ya Kuutambua Mkalamu Porini, Uwe na Maua au Usiwe Nayo

Mkalamu ni mmea wa asili utambaao ambao wakazi wengi wa Afrika Mashariki wameuona mara nyingi bila kuujua jina. Ua lake ni jekundu na manjano, petali zake zimepinda kurudi juu kama ndimi za moto, na mtu akiliona mara moja halisahau. Kwa jina la kisayansi unaitwa Gloriosa superba, jina alilolichapisha mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753, na umo katika familia ya Colchicaceae, ingawa vitabu vya zamani huuweka pamoja na mayungiyungi katika familia ya Liliaceae. Ni mmea wa asili katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara na katika nchi za kusini mwa Asia. Zimbabwe imelifanya ua lake kuwa ua la taifa, na jimbo la Tamil Nadu nchini India limelifanya kuwa ua la jimbo.

Tatizo la kuutambua kwa ua peke yake ni kwamba ua halikai muda mrefu. Mmea huchipua mvua zinapoanza, hukaa na majani matupu kwa wiki kadhaa, huchanua kwa kipindi kifupi, hutoa matunda, kisha shina lote hukauka na kubaki tunguu tu ardhini hadi msimu ujao. Anayeujua kwa ua pekee haujui kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hizo ndizo nyakati ambazo mmea huu wenye sumu kali unaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine, hasa tunguu lake, ambalo kwa mtu mwenye njaa au haraka linafanana na kiazi cha mwituni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na ua. Unaanza na majira na mahali, unaingia kwenye jani, na ua linakuja baadaye kama shahidi wa kuthibitisha.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Mkalamu unafuata mvua. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, kama pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, unaweza kuutafuta baada ya masika kuanza mwezi Machi au Aprili, na tena wakati wa vuli kuanzia Oktoba au Novemba. Katika maeneo yenye msimu mmoja mrefu, kama nyanda za miombo za kusini na magharibi mwa Tanzania, mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mmea huufuata mpangilio huo. Usiende siku chache tu baada ya mvua ya kwanza, kwa kuwa utakuta chipukizi zilizonyooka ambazo bado hazijatoa alama muhimu kuliko zote. Ngoja wiki kadhaa, shina lirefuke na lianze kutafuta kitu cha kushika.

Vifaa si vingi. Chukua daftari na penseli, rula ndogo, simu yenye kamera, na lenzi ya kukuzia kama unayo. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu, kwa sababu utakuwa unaingia kwenye nyasi na vichaka wakati wa mvua, na nyoka nao hupenda mahali hapo. Usichukue jembe wala panga, maana hakuna hatua yoyote katika kazi hii inayohitaji kuchimba.

Hatua ya pili: soma makazi kabla ya kuutafuta mmea

Mwanzoni watu wengi huingia moja kwa moja ndani ya msitu mnene, wakatembea chini ya miti mikubwa kutwa nzima, na wakarudi bila kitu. Hawakukosea msimu, walikosea mahali, na sababu ya kosa hilo imo katika umbile la mmea wenyewe. Mkalamu haupandi kwa kujizungusha kwenye shina la mti kama viazi vikuu vifanyavyo, wala hauna mizizi ya kung'ang'ania gome. Unapanda kwa kikono chembamba kilicho kwenye ncha ya jani, na kikono hicho kina urefu wa sentimita 1 hadi 2 tu. Kikono kifupi namna hiyo hakiwezi kukumbatia gogo. Kinaweza kushika bua la nyasi, kijiti cha kichaka, kikonyo cha jani la mmea wa jirani, au uzio wa waya. Basi mkalamu hukaa pale ambapo vitu vyembamba vya kushika vimesongamana na jua linafika.

Ukilielewa hilo, makazi yake yanakuwa rahisi kuyasoma. Tafuta ukingo wa msitu, pale miti inapokoma na nyasi kuanza. Tafuta vichaka vilivyomea katikati ya pori la miombo, mahali ambapo mti umeanguka ukaacha mwanya wa mwanga, kandokando ya njia za miguu, kwenye ua wa miti ya shamba, na kwenye shamba lililoachwa miaka michache likaanza kurudi kuwa pori. Pwani utafute kwenye vichaka vilivyo juu ya mchanga, hata kwenye matuta ya mchanga karibu na bahari. Mmea huu unavumilia udongo maskini na wa kichanga ilimradi maji hayatuami, kwa hiyo usipoteze muda kwenye mbuga ya tope jeusi linalofurika. Unaota kuanzia usawa wa bahari hadi mwinuko wa takriban mita 2,500, kwa hiyo wakazi wa nyanda za juu nao wanaweza kuutafuta, isipokuwa wale wa kwenye milima mirefu yenye baridi kali.

Kuna alama moja ya mahali ambayo mimi huitegemea sana: angalia kama kivuli kiko chini na jua liko juu. Tunguu na sehemu ya chini ya shina hukaa vizuri kwenye ubaridi wa nyasi au majani ya kichaka, huku ncha ya mmea ikitokeza juani. Ukikuta kichaka cha kimo cha kiuno au kifua, kilichozungukwa na nyasi, upande wake mmoja ukiwa wazi kwa jua la asubuhi, simama hapo na uangalie polepole kutoka juu kushuka chini.

Hatua ya tatu: ncha ya jani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Jani la mkalamu halina kikonyo. Limekaa moja kwa moja kwenye shina. Lina umbo la mkuki, pana karibu na chini na likisinyaa taratibu kuelekea nchani, urefu wake ukiwa sentimita 5 hadi 25 na upana wake mara nyingi usiozidi sentimita 4. Ni la kijani kibichi chenye mng'ao, halina manyoya, na ukilishika ni laini. Liinue dhidi ya mwanga uione mishipa yake: imenyooka na kwenda sambamba kutoka chini hadi nchani, kama ya jani la hindi, wala haijasukwa kama wavu. Alama hii ya mishipa sambamba itakusaidia tena mbele, kwa hiyo iandike.

Sasa ifuate ncha. Katika majani ya katikati na ya juu ya shina, ncha haikomi kwa kuchongoka kama majani mengine. Inaendelea, inakuwa nyembamba kama uzi, na uzi huo unajisokota. Ukikuta kimoja ambacho bado hakijashika kitu, kitakuwa kimenyooka au kimejipinda kidogo kama ndoana. Kilichokwisha kushika kimezunguka kijiti mara moja au zaidi na kukaza, kiasi kwamba ukijaribu kukibandua jani lenyewe huchanika kabla kikono hakijaachia. Kikono hicho si kiungo cha pembeni kilichoota kwenye shina, wala hakitoki kwenye kikonyo. Ni jani lenyewe lililorefuka. Hakikisha kwa macho kwamba mshipa wa katikati wa jani unaingia moja kwa moja ndani ya kikono. Ukiuona huo mshipa ukiingia, umepata alama kubwa kuliko ua.

Hapa kuna tahadhari ambayo wengi huikosa. Majani ya chini, yale ya kwanza kutoka ardhini, mara nyingi hayana vikono kabisa, kwa kuwa chipukizi changa husimama yenyewe. Mtu anayechunguza jani la chini pekee anaweza kusema mmea huu si mkalamu na akaondoka. Chunguza majani yasiyopungua matano kwenye shina moja, kuanzia chini kwenda juu, na utaona jinsi ncha inavyobadilika: ya kwanza imechongoka tu, inayofuata imerefuka kidogo, kisha kikono kamili.

Hatua ya nne: shina na mpangilio wa majani

Shina ni jembamba, la kijani, laini bila manyoya wala miiba, na halina ugumu wa mti hata likizeeka. Kwa kawaida hufika mita 1 hadi 4 likiwa na kitu cha kupanda. Lisipopata msaada hulala juu ya nyasi au kubaki fupi. Majani yanaweza kukaa matatu kwenye fundo moja, yakawa mawili yanayokabiliana, au likawa moja moja kwa kupishana, na mipangilio yote hiyo unaweza kuikuta kwenye shina moja. Kutokuwa na mpangilio mmoja kusikutie shaka. Shaka ije ukiona miiba, ukiona manyoya, au ukivunja jani na kukuta utomvu mweupe mzito kama maziwa, kwa kuwa mkalamu hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya tano: ua, likiwepo

Maua hukaa moja moja, kila ua likiwa na kikonyo chake kirefu kinachoweza kufika sentimita 20, yakitokea sehemu ya juu ya shina. Tumba huinama likiangalia chini na huwa la kijani. Linapofunguka, petali zake sita hujipinda kwa nyuma na kuelekea juu, kwa hiyo ua zima linaonekana kama limegeuzwa ndani nje. Wataalamu wa mimea huziita tepali badala ya petali, kwa sababu katika ua hili hakuna tofauti kati ya petali na sepali, yaani vijani vya nje vinavyofunika tumba. Zote sita zinafanana. Kila moja ina urefu wa sentimita 4 hadi 11, na kingo zake mara nyingi zina mawimbi, kama kitambaa kilichoshonwa kwa kukusanywa.

Rangi si alama ya kutegemea peke yake, na hili nililiona kwa ukaribu siku moja kwenye ukingo wa pori la miombo, baada ya wiki kadhaa za mvua. Shina moja lilikuwa limepanda kichaka hadi kimo cha kifua changu, na lilikuwa na maua sita yaliyofunguka pamoja na matumba mawili nchani. Ua la chini kabisa, ambalo ndilo lililotangulia, lilikuwa jekundu iliyoiva kutoka shina la petali hadi ncha. Lililofuata lilikuwa jekundu lenye ukanda wa manjano chini. Yaliyokuwa juu yake yalikuwa manjano kwa nusu, ncha tu zikiwa nyekundu, na la juu kabisa lilikuwa bado la kijani kilichochanganyika na manjano, petali zake zikiwa zimeanza tu kuinuka. Mtu angepiga picha ya ua la juu na mwingine la chini, angeapa kwamba ni mimea miwili. Ua la mkalamu hubadilika rangi kadiri linavyozeeka, na zaidi ya hapo ipo mimea ambayo maua yake hubaki manjano au huwa ya rangi ya zambarau tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya ua, acha rangi kwanza na uangalie sehemu za katikati. Stameni, yaani vijiti vya kiume vya ua, ni sita, zimetandaza pande zote kama mikono iliyonyooshwa, na kwenye ncha ya kila moja kuna kifuko cha chavua chenye urefu wa takriban sentimita moja, kilichoning'inia kwa kupitana na kijiti chake kiasi kwamba hutikisika upepo ukipita. Kisha tafuta kijiti cha kike cha ua, ambacho wataalamu hukiita staili. Katika maua mengi kijiti hicho hunyooka kufuata mhimili wa ua. Katika mkalamu kinapinda karibu na ovari, sehemu inayogeuka kuwa tunda, kwa pembe inayokaribia mraba, na kuelekea pembeni, kama mtu aliyekunja kiwiko. Hakuna mmea mwingine wa kutambaa utakaokutana nao katika mapori yetu wenye petali sita zilizogeuka juu pamoja na staili iliyopinda hivyo. Ukiyaona hayo mawili, swali limekwisha.

Ukiwa na subira, kaa pembeni kwa nusu saa hivi. Vipepeo wakubwa huja kwenye maua haya, na wanapopigapiga mbawa wakiwa wanatafuta nekta, mbawa hizo hugusa vifuko vya chavua vilivyotandazwa pembeni. Ndege aina ya chozi nao huyatembelea. Umbile lote la ua, pamoja na kupinda kwa staili, linaeleweka vizuri zaidi ukishuhudia ugeni huo kuliko ukisoma maelezo.

Hatua ya sita: matunda na mbegu

Baada ya ua kuchoka, petali haziangukii chini upesi. Hubaki zimekauka huku tunda likikua. Tunda ni refu kuliko upana wake, sentimita 4 hadi 12, kijani kwanza kisha kahawia, na lina vyumba vitatu. Likikauka hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu au nyekundu ya chungwa, za mviringo, zenye kipenyo cha milimita 4 hadi 5, zilizopangika kwa safu. Mbegu hizo huvutia watoto na ni sumu kali. Zisichanganywe na mbegu za Abrus precatorius, zile ngumu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo hukaa ndani ya ganda kama la mbaazi kwenye mmea wenye majani madogo madogo yaliyopangika kama ya ukwaju. Hizo nazo ni sumu, ila ni mmea wa familia nyingine kabisa.

Hatua ya saba: utenganishe na mimea inayofanana nao

Anayekaribia zaidi kumdanganya mtazamaji ni Flagellaria guineensis, mmea wa kutambaa wa misitu ya pwani. Nao una majani yenye mishipa sambamba, na ncha ya jani lake nayo hujisokota kuwa kikono. Ukiwa huna ua, hapa ndipo watu makini wanapokosea. Tazama sehemu ya chini ya jani: Flagellaria ina ala, yaani jani linaanza kwa kulizunguka shina kama soksi, kama lifanyavyo jani la muwa, ilhali jani la mkalamu limebandikwa tu kwenye shina bila kulifunika. Tazama shina pia: la Flagellaria ni gumu kama fimbo ya henzirani, linadumu mwaka baada ya mwaka na linaweza kupanda mbali juu ya miti; la mkalamu ni laini na hufa kila msimu. Maua ya Flagellaria ni madogo, meupe, mengi kwa shada moja.

Smilax, ile mitambaa yenye miiba inayochana nguo, ina vikono pia, lakini vinatoka kwenye kikonyo cha jani, viwili viwili, wala si kwenye ncha. Jani lake ni pana na mishipa midogo imesukwa kama wavu. Mwiba mmoja tu unatosha kumaliza mjadala.

Thunbergia alata, yenye ua la rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, hukaa mahali pale pale pa vichakani na kandokando ya njia, na ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki vilevile. Huo haupandi kwa kikono bali kwa kuzungusha shina, na jani lake lina umbo la ncha ya mshale juu ya kikonyo chenye mabawa membamba.

Viazi vikuu vya mwituni, yaani Dioscorea, vinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapa kosa linaweza kuua. Juu ya ardhi tofauti ni wazi: shina la kiazi kikuu hujizungusha, jani lake lina kikonyo, kwa kawaida lina umbo la moyo au limegawanyika vipande, na kati ya mishipa mikubwa kuna wavu wa mishipa midogo. Lakini shina likiwa limekauka na mtu amechimba tu, anachoshika mkononi ni tunguu lisilo na jina. Tunguu la mkalamu ni la urefu wa vidole hadi zaidi ya shibiri, jembamba, na mara nyingi limepinda kwa ghafla kama herufi V au L, chipukizi likitokea kwenye ncha ya mkono wake. Linapochimbwa hukatika kirahisi. Nimeyaeleza maumbo haya ili mtu aliyekwisha kulichimba kwa bahati mbaya shambani aweze kulishuku na kuliacha, si ili yeyote aende kulichimba kulithibitisha. Kiazi chochote cha mwituni ambacho hukuona majani yake yakiwa hai kisiingie sufuriani.

Kuhusu sumu

Mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, na nyingi zaidi imo kwenye tunguu na mbegu. Kupika hakuiondoi. Sri Lanka imeripoti wagonjwa waliokula tunguu lililochemshwa wakidhani ni kiazi, na baadhi yao walifariki. Aliyekula huanza baada ya saa chache kutapika na kuharisha sana, tumbo likimkata. Anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha figo, moyo na uboho wa mifupa vikaathirika katika siku zinazofuata, na waliopona huweza kunyonyoka nywele wiki moja au mbili baadaye. Mtu akila sehemu yoyote ya mmea huu apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajaanza kuugua, na kipande cha mmea kilichobaki kichukuliwe ili mganga akione. Kugusa jani au ua wakati wa uchunguzi hakuna hatari kubwa kwa ngozi iliyo nzima, lakini nawa mikono kabla ya kula, na usijaribu kuonja hata kidogo kwa nia ya kutambua. Mifugo nayo hudhurika, kwa hiyo mfugaji anayeukuta malishoni anapaswa kuujua.

Hatua ya nane: andika ulichokiona

Piga picha tano kwa kila mmea: kichaka kizima pamoja na kilichokizunguka, jani la chini, jani la juu likionyesha kikono kilichoshika kitu, mahali jani linapokutana na shina, na ua kwa upande, siyo kwa mbele tu, ili staili ionekane. Weka rula kando ya jani katika picha moja. Andika tarehe, mwinuko, aina ya udongo, mmea ulioupandia, na kama uko juani au kivulini. Ukiutuma uchunguzi wako kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, picha ya ncha ya jani na ya staili ndizo zitakazomwezesha mtu mwingine aliye mbali kukuthibitishia. Picha ya ua jekundu kutoka mbali humwacha akikisia.

Andika pia kama mmea umeota wenyewe au umepandwa. Mkalamu hupandwa bustanini duniani kote, na nchini Australia uliotoroka bustanini umekuwa gugu baya kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya mashariki. Hapa kwetu ni wa asili, lakini uliopo kando ya ukuta wa nyumba au kwenye kitalu cha maua hauelezi lolote kuhusu makazi ya asili, na rekodi yake isichanganywe na ya porini. Ukiwa ndani ya hifadhi ya msitu au ya wanyama, usichume chochote bila kibali. Hata nje ya hifadhi sioni sababu ya kukata shina: mmea hutengeneza tunguu jipya kila msimu kwa chakula kinachotoka kwenye majani, na shina lililokatwa mapema linaliacha tunguu la mwaka ujao likiwa dogo, wakati mwingine dogo mno kuweza kuchanua.

Rudi mahali hapo hapo kiangazi kimeshika. Utakuta bua kavu la rangi ya majani makavu, limening'inia kwenye kichaka kwa vikono ambavyo bado havijaachia, na karibu na ardhi litakuwa limekwisha kukatika. Angalia ncha za majani hayo makavu: msokoto upo bado, umekakamaa, na mshipa wa katikati ungali unaonekana ukiingia ndani yake. Funga kipande cha utepe kwenye tawi la kichaka kilicho juu ya mahali hapo, uandike namba yake daftarini, na mvua zikirudi hesabu wiki kuanzia siku ya mvua ya kwanza hadi chipukizi linapotokeza.